Asilimia 60: walioandamana 1966 na sisi tunaosubiri ajira

Nimepotea wiki mbili, mniwie radhi, test zilikuwa zimetukalia kooni. Leo nakuja na historia. Sio ile ya "taja sababu sita na athari saba" tuliyokaririshwa sekondari, hapana. Ni historia ya kitu ambacho kila mtu hapa Mlimani anakiongelea kuanzia foleni ya kafeteria mpaka kwenye daladala ya Mabibo: ajira na makato.

Chanzo ni ubishi. Jamaa mmoja wa chumbani kwetu (anajijua, hatumtaji) anashikilia kwamba wasomi wa zamani walikula bata. Chuo bure, chakula bure, ukimaliza kazi inakusubiri mezani. Mwingine anasema walionewa sana, walikatwa mshahara mpaka wakaandamana Ikulu. Nikaenda maktaba. Nikakuta wote wawili wana ukweli, ila kila mmoja kashika mkia wake wa ng'ombe.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya uhuru, Mtanganyika aliyesoma alikuwa na waajiri wa kuhesabu kwa vidole: serikali ya mkoloni, misheni na makampuni machache. Na mwajiri huyo alikuwa na masharti. Mwaka 1953 serikali ilitoa waraka wa kuwazuia watumishi wake Waafrika kuingia kwenye siasa, maana yake TAA, na baadae TANU ilipozaliwa 1954. Ukiwa karani au daktari wa serikali, siasa iache mlangoni. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mtu aliyesomea ualimu Makerere na kupata shahada Edinburgh, alikuwa anafundisha Pugu kwenye shule ya misheni. Aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa New York mwaka 1955, akatakiwa achague: ualimu au TANU. Akaacha kazi. Likumbukeni hili, kwa sababu miaka kumi na moja baadae mtu huyu huyu atakuwa amekaa upande wa pili wa meza, yeye ndiye mwajiri, na vijana ndio wamesimama mbele yake.

Chuo chetu kilianza Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria wasiofika hata 20. Huku mlimani tulihamia 1964. Wakati huo nchi ilikuwa na njaa ya wasomi. Mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, ulioanza 1964, uliweka lengo kwamba ifikapo 1980 Tanzania ijitosheleze kwa wataalamu wake yenyewe. Kwa hiyo serikali ikakusomesha, na wewe ukasaini kuitumikia miaka mitano pale itakapokupangia. Hamna cha kutembeza CV. Ulikuwa hujamaliza hata mtihani, wizara inajua utakwenda wapi.

Sasa hapo ndipo linapoingia Jeshi la Kujenga Taifa. JKT ilianzishwa Julai 1963, na mwanzo ilikuwa ya kujitolea. Waliokuwa wanajitolea wengi walikuwa vijana wa kawaida, sio wasomi. Msomi alikuwa hana haraka ya kwenda kushika jembe wakati ofisi inamsubiri. Serikali ikaliona hilo na mwaka 1966 ikaja na pendekezo la kulifanya liwe la lazima kwa waliomaliza kidato cha sita, chuo kikuu na vyuo vingine vya juu. Miaka miwili. Miezi kama 5 au 6 ya mwanzo uko kambini, mchakamchaka na jembe. Miezi 18 inayobaki unafanya kazi yako ya kawaida uliyosomea, lakini unalipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Yani asilimia 60 inabaki serikalini.

Chuo kikawaka moto.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400 waliandamana mpaka Ikulu. Wengi walikuwa wa hapa, wakiungana na wenzao wa vyuo vingine vya mjini. Walibeba mabango, na moja ya ujumbe uliowaponza ni ule wa kusema afadhali enzi za mkoloni. Hebu fikiria, nchi ina miaka mitano tu ya uhuru, wewe umesomeshwa na kodi ya mkulima wa pamba, halafu unakwenda kumwambia Nyerere mlangoni kwake kwamba afadhali mkoloni! Mimi nikisoma hapo huwa nashika kichwa. Bango lile liliua hoja yao yote.

Maana hoja walikuwa nayo, tusiwaonee. Walisema masharti yameamuliwa bila wao. Walisema kijana anayeanza maisha ana wadogo zake wa kusomesha na wazazi kijijini, na hiyo asilimia 40 itatosha nini? Na walikuwa na swali ambalo hata leo lina uzito: mbona wakubwa wenyewe wanakula mishahara minono na magari, na wa kujifunga mkanda ni anayeanza kazi?

Nyerere aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaka. Hilo swali la mishahara akalichukua kama lilivyo. Akasema ni kweli mishahara ya wakubwa imezidi, na kuanzia na wa kwake mwenyewe akaukata kwa asilimia 20. Hapo hapo. Halafu akawageukia vijana, akawafukuza. Zaidi ya 300 walirudishwa makwao vijijini, chini ya ulinzi. Wapo waliokuwa wamebakiza miezi michache tu kumaliza. Nyumba za kulala wanafunzi zikapwaya, wakabaki zaidi Wakenya na Waganda, maana wakati ule chuo chetu kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na JKT haikuwahusu wao.

Miezi mitatu na ushee baadae, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Kiongozi marufuku kuwa na mishahara miwili, marufuku kuwa na hisa kwenye makampuni, marufuku kupangisha nyumba. Sisemi Azimio lilizaliwa kwa sababu ya maandamano, lilikuwa na mizizi mingi. Ila huwezi kulielewa vizuri ukiliruka lile tukio la Oktoba. Vijana walikwenda Ikulu kulalamikia mishahara yao, na jibu lililorudi liliwagusa mpaka mawaziri.

Mwaka 1967 wengi wao wakasamehewa na kurudishwa kumalizia masomo. Wakaenda JKT kama kawaida, na makato wakakatwa. Na wapo kati yao waliokuja kuwa watu wazito sana nchi hii.

Nije kwenye kitu ambacho kwa mtu wa Education kinanihusu zaidi, na ambacho naona watu hawakijui kabisa. Azimio la Musoma.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma, ikaamua mambo mawili makubwa. La kwanza, watoto wote waingie shule ya msingi ifikapo 1977. La pili, kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Amalize shule, aende JKT mwaka mmoja, kisha akafanye kazi angalau miaka miwili. Akitaka kuja huku Mlimani aje na mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama. Ukiwa mvivu kazini au una dharau kwa wenzako, barua hupati na shahada unaisikia kwa jirani.

Mnaliona hilo wadau? Leo tangazo la kazi linakuambia "shahada pamoja na uzoefu usiopungua miaka mitatu" na sisi tunauliza huo uzoefu tuutoe wapi wakati hakuna anayetuanzisha. Mwaka 1974 mambo yalikuwa kinyume kabisa: uzoefu kwanza, shahada baadae, na wa kuhakikisha unaupata huo uzoefu alikuwa serikali. Mashirika ya umma yalikuwa yanapokea vijana wa kidato cha sita, na wanapangiwa kazi.

Sasa usije ukadhani naisifia tu. Mpango ule ulikuwa na maumivu yake. Waliosoma sayansi walipokuja kuingia darasani hesabu zilikuwa zimeshalala. Wasichana ndio walioumia zaidi, idadi yao chuoni ikashuka, kwa sababu miaka mitatu ya nje ya shule kwa binti wa umri ule ilikuwa na maana ya posa, ndoa na mtoto. Haikupita miaka mingi serikali ikawaondolea wanawake lile sharti, na miaka ya 80 likalegezwa kwa wote. Na hiyo barua ya mwajiri nayo... mwenye akili atajiuliza bosi akikuchukia inakuwaje. Mtu mmoja ofisini anashika maisha yako kwenye kalamu.

Lile la kwanza la Musoma ndilo lililonigusa nyumbani. Watoto wote wakiingia shule, walimu watatoka wapi? Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundwa huku huku vijijini, siku nyingine wanajifunza na nyingine wanafundisha. Baba yangu mkubwa ni mmoja wao, mwalimu wa UPE. Tulikuwa tunamcheka kwa Kiingereza chake, Mungu atusamehe. Lakini mzee yule aliajiriwa akiwa na miaka 19, akajenga, akasomesha wadogo zake wanne na baba yangu akiwa wa mwisho, kwa mshahara uleule wa mwalimu. Mimi na digrii yangu sijui kama nitaweza hata nusu.

Miaka ya 80 mambo yakaharibika, hii sehemu mnaijua. Vita vya Kagera, mafuta kupanda, foleni za sukari na sabuni. Mwaka 1986 tukakubaliana na IMF, na mwajiri mkuu akaanza kujitoa taratibu. Miaka ya 90 watumishi makumi ya maelfu walipunguzwa kazini, mashirika ya umma yakabinafsishwa, na ile habari ya mhitimu kupangiwa kazi ikafa bila hata tanga. Uchangiaji wa gharama vyuoni ukaingia miaka hiyo hiyo. JKT ya lazima nayo ikasitishwa 1994 kwa kukosa fedha (ilirudi 2013, sisi wengine tumeionja ile ya miezi mitatu).

Kwa walimu kidogo kulikuwa na neema ya muda. Baada ya 2000 serikali ilijenga shule nyingi za msingi, kisha sekondari za kata, na walimu wakawa hawatoshi kiasi kwamba vijana wa kidato cha sita wakapewa kozi ya wiki chache na kupelekwa madarasani. Wananchi wakawaita Vodafasta, kwa jina la vocha ya simu. Mwaka 2005 zikaanzishwa DUCE na Mkwawa kwa ajili ya walimu, 2007 ikaja UDOM. Enzi hizo ukisoma Education unacheka. Unamaliza Julai, miezi michache baadae jina lako lipo kwenye orodha na umepangiwa halmashauri.

Mabomba yalifunguliwa yote ya kutengeneza walimu, ila ile koki ya kuwaajiri ndiyo ikaja kubanwa. Mwaka 2016 ajira zilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na Aprili 2017 ikatoka orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mimi sina ugomvi na uhakiki, aliyeghushi cheti aondoke. Lakini vyuo havikusimama. Kila mwaka vilimwaga wahitimu mtaani, na foleni ikarefuka mpaka leo. Ajira zilirudi, kwa vibali vya mafungu mafungu. Mwaka 2025 walimu wakaitwa kwenye usaili, kitu ambacho kaka zetu hawakukijua. Waombaji walizidi laki moja, nafasi elfu kumi na kitu.

Wakati koki inabanwa, upande wa makato ulikuwa unakazwa. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Watu waliosaini kukatwa asilimia 8 wakaamka mwishoni mwa 2016 sheria imerekebishwa, sasa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Walilalamika sana, wakasema mkataba wetu haukuwa huu, lakini yakapita. Mwajiri akiajiri mhitimu anatakiwa kuiarifu Bodi ndani ya siku 28, na asipokata anabanwa yeye. Kulikuwa pia na tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi 2021. Hapo walau tulipumua.

Sasa nikakaa nikapiga hesabu. Watu wa CoET msinicheke, ni hesabu za darasa la tano.

Kijana wa 1966: tuseme miezi 6 kambini hana mshahara, halafu miezi 18 anakatwa asilimia 60. Asilimia 60 ya miezi 18 ni sawa na mishahara 10.8. Jumlisha ile 6 ya kambini, unapata karibu mishahara 17 aliyoiachia taifa.

Kijana wa leo: tuseme mkopo wako mpaka unamaliza ni milioni 12, na umepata kazi ya laki 8 kwa mwezi. Asilimia 15 ni 120,000. Milioni 12 gawanya kwa 120,000 ni miezi 100. Miaka minane na miezi minne! Na ukiigeuza kuwa mishahara, ni mishahara 15 kamili.

Kumi na saba kwa kumi na tano. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea nukta. Wale walioandamana mpaka Ikulu na sisi tunaosaini fomu kimya kimya kwenye kompyuta, bei yetu inakaribiana. Najua mshahara hupanda na mkopo wa kila mtu si sawa, kwa hiyo msinishikie bango kwenye nukta. Lakini tofauti kubwa haipo kwenye kiasi. Yule wa 1966 alipokatwa, kazi alikuwa nayo. Yule aliyekuwa anamkata ndiye aliyekuwa anamwajiri, na alikuwa anamhitaji. Mimi anayenidai ananiambia nitafute kazi popote, na hata nikifungua genge la nyanya, niliyejiajiri nina kiwango changu cha kulipa kila mwezi.

Kwa hiyo yule jamaa wa chumbani anayesema walikula bata, nimemjibu hivi: bata walilipia. Na huyu anayesema walionewa, nimemwambia ningekuwepo pale Ikulu siku ile ningelishusha lile bango, lakini hayo masharti yenyewe, na ajira iko mkononi, ningeyasaini mara mbili. Akanuna. Anasema mimi nina roho ya kitumwa, kwamba watu wazima walioamuliwa mambo yao bila kuulizwa lazima wapaze sauti hata kama shibe ipo. Hapo alinipata kidogo. Maana hata ile asilimia 15 ya 2016 ni nani aliyewauliza waliosaini 8?

Na waajiri binafsi? Hapa nitasema kifupi kwa sababu hasira zitanipanda. Mwaka jana kwenye BTP nilipata kuongea na mwenye shule moja binafsi, jina kapuni. Anataka mwalimu wa Historia na Kiswahili mwenye uzoefu wa miaka mitatu na barua ya mwajiri wa zamani. Mshahara aliotaja nilifikiri ni wa wiki. Nikamuuliza, mzee, je ukimchukua aliyemaliza mwaka huu ukamfunda mwenyewe? Akasema akishaiva serikali itamchukua. Mtu wa biashara anasema ukweli wake, siwezi kumlaumu sana. Ila unaona kitu gani kimepotea: zamani gharama ya kumwivisha kijana ilikuwa ya nchi nzima, sasa kila mmoja anangoja jirani amwivishe ndipo amchukue.

Katikati hapo wamejaa walimu wa kujitolea. Rafiki zangu watatu waliomaliza mwaka juzi wanafundisha bure au kwa michango ya wazazi, elfu hamsini ikipatikana, vipindi 28 kwa wiki. Wanaita kutafuta uzoefu. Huko kambini 1966 angalau ugali ulikuwepo.

Haya, nimeandika sana na kesho nina semina saa moja asubuhi. Ombi langu moja. Kama mzazi wako, babu au shangazi alipita JKT ya lazima au alikwenda kazini kwanza kwa Azimio la Musoma, muulize mambo mawili: alikuwa anabaki na shilingi ngapi mwezi ukiisha, na ile barua ya mwajiri ilimchukua muda gani kuipata. Halafu niletee majibu yake. Baba mkubwa nimeshampigia, kanijibu swali la kwanza kwa kicheko kirefu, la pili anasema tuongee nikienda likizo.